Kifuniko Kilichopakwa Mafuta

Mabinti mnaoanza sasa kule Tonawanda, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nilikataa. Mkaendelea na mama, mama, mpaka nikachoka. Bon, nimeandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Habari za mshahara mtaulizana wenyewe. Cheo sikupewa, ila wazungu wa kiwandani waliposikia wenzetu wananiita Mama walidhani ndilo jina langu, wakalichapisha kwenye kitambulisho. Nimestaafu nikiwa na mgongo wangu na meno yangu. Si wote wanaotoka na vyote viwili.

Maisha yangu yote nimefanya kazi moja: kuondoa uchafu. Niliianza nikiwa msichana kwenye hospitali ya misheni kule Kivu ya Kusini. Tulifua mashuka ya wazazi kwenye mapipa, tukachemsha kwa kuni, tukaanika kwenye majani. Vita na kambi sitavisimulia. Mnavijua, na asiyevijua amuulize mama yake.

Ndege ilitushusha Louisville, tukapewa nyumba upande wa Shively, na kazi yangu ya kwanza Amerika ikawa kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Siku ya kwanza nilitafuta sabuni. Nilizunguka mashine zote, kubwa kama vyumba, sikuona sabuni wala mtu aliyelowa mikono. Sabuni ilikuwa inapita ndani ya mabomba. Mimi mfuaji nikasimama pale kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa.

Aliyeniokoa alikuwa Miss Loretta, mama mweusi wa hapo hapo Louisville, mwenye kikombe cha barafu alichotafuna kutwa nzima kama karanga. Kiingereza sikuwa nacho, naye hakujali. Alichukua shuka, akalinyoosha mbele ya dirisha, akanigusa jicho kwa kidole. Maana yake: usiangalie shuka, angalia mwanga unaopita. Doa lolote linakata mwanga. Kukunja, alisema baadaye nilipoanza kumwelewa, hata mashine inaweza. Kuona ndiyo kazi. Siku moja alidondosha kahawa tone moja kwenye shuka makusudi, akalitia kwenye rundo langu, akasubiri. Nililifikia, nikalitoa, nikamrudishia.

"Hili ni la kwako," nikamwambia.

Alicheka mpaka barafu ikamtoka mdomoni. Huo ndio mtihani pekee niliofaulu tangu darasa la nne.

Kisha mwanangu wa kiume akapata kazi ya ghala kule Columbus, tukahamia naye Whitehall, kwenye maghorofa yale ambayo kila mlango una viatu vya watu wengi. Huko nilipata kazi nyingine ya kufua, lakini nguo zake zilikuwa za ajabu: ovaroli nyeupe zenye kofia, za watu wanaofanya kazi kwenye vyumba safi sana. Zilikuja zikiwa safi. Nasema kweli, nilizinusa. Nilimwambia supavaiza kwamba kuna kosa, hizi zimeshafuliwa. Akanipeleka kwenye mashine inayoitikisa ovaroli na kuhesabu vinavyodondoka: unywele, chembe ya ngozi, uzi. Namba ikapanda, ikapanda. Nilikasirika. Kumbe miaka yote nilikuwa nafua nusu nusu. Columbus ndiko nilikojifunza kwamba kuna uchafu ambao jicho la Miss Loretta lenyewe lisingeuona.

Buffalo nilikuja kwa ajili ya binti yangu Zawadi na mjukuu wangu Neema. Theluji sitaielezea, mnayo. Kiwanda cha Tonawanda kilinichukua kwa sababu nilijua kuvaa ovaroli bila kuiburuza sakafuni. Kazi yetu mnaijua: vipande vya chuma vinatoka kwa watu wengine, sisi tunaviosha, tunavikausha, tunavikagua na kuvifunga. Vya hospitali, vya ndege, na mara moja moja cha kwenda angani.

Siku ya kwanza Denise, supavaiza wetu mwenye sauti kama honi ya treni, alitupanga mstari akatutangazia: hakuna manukato, hakuna rangi ya kucha, hakuna losheni. Hapo wanawake wa Kongo tukaangaliana. Mwanamke wa kwetu kutoka nyumbani bila kupaka mafuta ni kama kutoka bila sketi. Tulitii. Tukawa na miguu ya kijivu kama ya mamba. Kanisani mchungaji aliniita pembeni akaniuliza taratibu kama nina ugonjwa ambao ningependa kuombewa. Nikamwambia ugonjwa wenyewe ni kazi.

Ndipo kikaja kile kifuniko.

Kwa kukitazama hakikuwa kitu. Kifuniko cha chuma cheupe, upana wake kama sinia la wali wa watu wawili. Lakini kililetwa ndani ya masanduku matatu, moja ndani ya jingine, na kilifuatana na mtu. Alikuwa kijana mwembamba, mkemia, tukamwita Daktari. Alituambia kifuniko hiki kitakaa kwenye chombo kitakachoruka mpaka kwenye asteroidi, jiwe moja jeusi linalozunguka jua, kichote vumbi lake na kulirudisha duniani. Kifuniko ni cha kulifunikia vumbi hilo. Akatuletea masharti mapya juu ya yale ya Denise. Glavu za mpira wa kawaida marufuku. Mifuko ya nailoni marufuku kabisa, kwa sababu nailoni huacha alama inayofanana na vile vitu vinavyojenga mwili wa mtu na mnyama, na ndivyo hasa watakavyovitafuta kwenye vumbi.

Sikuelewa. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Neema. Neema hunijibu Kiingereza hata nikimuuliza kwa lugha ya nyumbani, basi nitaandika kwa lugha yetu. Nilikuwa jikoni nakata mandazi.

"Koko, hilo jiwe ni mabaki," akasema. Koko kwetu ni bibi.

"Mabaki ya nini?"

"Ya mwanzo. Jua lilipozaliwa kulikuwa na vumbi linazunguka. Lingine likagandana, likawa dunia na sayari nyingine, likapata moto, likayeyuka. Lingine halikutumika, likabaki hivyo hivyo."

Nikaangalia meza. Unga ulikuwa umedondoka pembeni. "Kama huu?"

"Eeh, kama huo! Andazi limeshaiva, huwezi kujua vizuri uliweka nini. Lakini unga ambao haujaingia kwenye mafuta unakuambia. Sisi ni andazi, koko. Lile jiwe ni unga."

Alikuwa na miaka kumi na minne tu huyo, na bibi yake ni mimi. Someni tena hapo, nitawasubiri.

"Sasa mkiacha mafuta ya ngozi zenu kwenye kifuniko," akaendelea, "wanasayansi watasoma vumbi, watakuta mafuta, watatangaza dunia nzima kwamba asteroidi inapaka losheni."

Alicheka peke yake. Mimi usingizi ulipungua.

Katika timu yetu mikono bora ilikuwa ya Jeanne. Nyinyi hamkumkuta kwenye shifti yetu, amehamia ya mchana. Mama wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, watoto wanne hapa, na mume wake bado Nairobi akisubiri ruhusa ya kuja. Kila ndururu ya nyumba ile ilitoka kwenye mikono miwili. Jeanne alifuta chuma kama mtu anayempangusa mtoto mchanga: upande mmoja tu, kitambaa hakirudi nyuma, ukimaliza mstari unakikunja upate uso mpya. Jifunzeni hivyo. Anayepeleka na kurudisha anautembeza uchafu matembezi.

Na Jeanne ndiye aliyetuongoza sala ya asubuhi kwenye maegesho ya magari. Tulishikana mikono, akatupaka kila mmoja mafuta kidogo ya upako kwenye viganja, mafuta ya zeituni yaliyoombewa, kutoka kwenye kichupa alichobeba mkobani. Denise alijua tunasali, hakujua ya mafuta. Sisi hatukuona neno: tukiingia tunaosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, yanaondoka yote.

Kifuniko tulikiosha, tukakisuuza, tukakipuliza kwa gesi kavu. Kipimo chetu kilikuwa cha maji, nacho bado mnakitumia. Unamimina maji safi polepole juu ya chuma. Chuma kikiwa safi maji yanajitandaza, yanalala kama shuka moja. Kukiwa na mafuta hata kidogo, maji yanakataa mahali pale, yanajikunja kuwa shanga. Siku ile yalilala. Jeanne akakifuta mara ya mwisho, akakigeuza, tukakifunika.

Asubuhi yake, kabla ya kukifunga, tulirudia kipimo. Maji yakatandaa mpaka karibu na ukingo, halafu pale ukingoni yakakatika. Shanga. Sehemu ndogo, kama ncha za vidole viwili.

"Mama," Denise akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini, "unaona ninachoona?"

"Naona."

Daktari alipapangusa kwa kitambaa chake maalumu akakipeleka maabara. Jibu likarudi: mafuta, na si ya mashine. Alitukusanya.

"Kukiosha tena si shida," alisema. "Shida ni kutojua yametoka wapi. Kama sijui, siwezi kuapa kwamba hayatarudi kesho, wala kwamba hayako mahali pengine ambapo hatujaona. Na mafuta ya jamii hii ni kati ya vitu watakavyovitafuta kwenye lile vumbi."

Bosi wa kiwanda hakusema mengi. Chanzo kipatikane mpaka Ijumaa. La sivyo kifuniko kitapelekwa kiwanda kingine na chumba chetu kitapata watu wengine. Wapya wote.

Walipekua kila kitu. Vitambaa, glavu, maji, hewa ya kwenye bomba. Walituomba vitu vyetu vya kichwani. Wigi langu lilikwenda maabara kwenye mfuko wake, likarudi likiwa halina hatia.

Jeanne ndiye aliyekuwa ananirudisha nyumbani na gari lake. Siku ile tunashuka kuelekea Buffalo, mto upande wa kulia, hakuimba. Jeanne asiyeimba ndani ya gari ni gari lisilo na injini.

"Jeanne, leo iko nini? Hauimbe."

"Niko nachoka."

"Hapana. Weye kuchoka unaimba sana zaidi."

Akaendesha. Taa ikawa nyekundu, tukasimama, na ilipokuwa kijani hakuondoka. Aliyekuwa nyuma akapiga honi. Jeanne akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akazima.

"Mama Zawadi, njo mimi. Njo mimi nilifanya."

"Weye nini?"

"Ile siku ya mwisho. Tulisali inje, nikaingia, nikanawa mikono. Njo nikawaza: ile kitu inaenda mbali kupita mutu yeyote, na mimi niko naenda kuishika na mikono yenye sabuni imeondoa upako yote. Kichupa kilikuwa mu soksi. Nikapaka tena kidogo, ku vidole. Kisha nikavaa glavu." Akashika usukani kama gari bado linakwenda. "Nilivuta ya kuume na vidole vya kushoto. Kwa inje."

Nilielewa: mafuta yalibaki nje ya glavu ya kuume. Glavu inashikwa kwenye pindo tu, ndani, kamwe si kwenye vidole. Kila mtu anajua, na Jeanne kuliko wote. Lakini siku ile alikuwa na haraka ya sala.

"Utaenda kusema," nikamwambia.

"Batanifukuza."

"Labda."

"Mama, nikifukuzwa, baba ya batoto atakuja kukuta nini? Nyumba ya nani?" Kisha akageuka, na nikaona kwamba hilo halikuwa la pekee. "Na batasema sala ni buchafu. Bataandika ivyo. Mafuta ya Mungu, buchafu."

Nimeondoa uchafu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kama lile. Nikasema nililokuwa nalo: "Usiposema, donc, tunatoka wote. Na weye utajua, kila siku ukiimba utajua. Kesho tunaenda pamoja. Mimi nasimama nyuma yako."

"Nyuma karibu ao nyuma mbali?"

"Nyuma karibu. Washa gari, yule muhindi wa duka anatuangalia kama tunataka kumwibia."

Asubuhi Jeanne akaingia ofisini, mimi nyuma yake karibu. Daktari alikuwepo, na Denise amekunja mikono. Jeanne akaweka kichupa mezani. Kilikuwa kichupa cha vanila, bado kina picha ya ua. Akaeleza yote kwa Kiingereza chake, ambacho ni kizuri kuliko changu, mpaka vidole vya kushoto. Alipomaliza, Denise akawa anaangalia dari.

Daktari akakifungua kichupa, akanusa. "Ya zeituni?"

"Ndiyo."

"Yote yalitoka humu? Hakuna chupa nyingine?"

"Ni hii tu."

Yule kijana akapumua kwa nguvu, akakaa juu ya sanduku lake la vifaa. Nilidhani ataita watu watutoe. Alimwambia, "Jeanne, unajua nimekitafuta hiki kichupa kiasi gani? Nilishaanza kushuku hewa ya jengo zima."

Alimwambia anaomba kidogo ya mafuta hayo, na si kwa kipimo cha siku ile tu. Kila kitu kilichogusa chombo, alieleza, gundi, kitambaa, glavu, kinawekwa kipande chake kwenye friji. Vumbi la asteroidi likirudi, watu watakuwa na cha kulinganisha. Wakikuta kitu, watajua kama kimetoka mwanzo wa dunia au kimetoka Tonawanda.

Jeanne akauliza, "Kwenye kibandiko utaandika nini? Uchafu?"

Daktari akafikiri. Sikumpenda kijana yule kabla ya hapo. Alikuwa na tabia ya kuongea na kompyuta yake huku umesimama mbele yake. Lakini alifikiri kweli.

"Nitaandika yalivyo. Mafuta ya zeituni, ya maombi."

Jeanne akakubali kwa kichwa. Ndipo Denise akaikunjua mikono. "Hayo ni ya friji," akasema. "Mimi nina bosi. Yakilingana na yale ya ukingoni, na kifuniko kikaoshwa kikawa safi, chanzo tunacho na tumekifunga. Jeanne anabaki, nitapigana mwenyewe. Yasipolingana, au kifuniko kikakataa, sina cha kumwambia." Akafika mlangoni akageuka. "Na atakayekiosha ni yeye. Hakuna mtu humu atakayeshika glavu kwenye vidole tena, na yeye ndiye wa kwanza."

Tukakiosha upya. Jeanne alifuta, mimi nilimpa vitambaa na sikumsemesha. Maji tuliyamimina, yakalala mpaka ukingoni na kupita. Lakini jicho si maabara, hilo nililijua tangu Columbus. Sampuli zikaondoka, tukaambiwa tusubiri mpaka Ijumaa.

Ijumaa asubuhi kwenye maegesho tulisimama kwenye duara kama kawaida, bila kichupa. Hatukushikana. Tulinyanyua viganja juu, kila mmoja peke yake, kama watu waliotekwa na majambazi. Jeanne aliomba kwa ufupi kuliko siku zote: "Mungu, leo tumekuja mikono mikavu. Utuone hivyo hivyo. Amina." Ndiyo sala mliyoikuta. Mlidhani ni ya kanisa fulani jipya.

Simu iliita tukiwa chumba cha kuvalia, tumeshavaa ovaroli, kofia, barakoa na glavu, macho tu ndiyo yaliyobaki nje. Denise aliipokea upande wa pili wa kioo. Tulimwona anasikiliza. Uso wake haukusema chochote. Watu wa Buffalo wamezoea baridi, nyuso zao haziwaki haraka. Akaweka simu, akasogea kwenye spika ya ukutani.

"Yanalingana," akasema. "Ni yale yale ya chupa. Na kifuniko ni safi. Kinaondoka leo. Jeanne, nakutaka kazini Jumatatu, sawa?"

Jeanne alishuka taratibu akiufuata ukuta mpaka akakaa sakafuni na ovaroli nyeupe, na mabega yakaanza kutikisika, sikujua kama analia au anacheka, barakoa inaficha yote. Sakafuni hakukaliki kule. Ovaroli ikigusa sakafu ni ya kuvuliwa na kurudishwa kufuliwa, na wafuaji wa Columbus ninawajua, watakulaani. Nilifungua mdomo kumwambia inuka. Badala yake nikakaa naye.

Denise akapiga kioo. "Mama! Ovaroli!"

"Tumeona," nikasema.

Akatuangalia kidogo, akazima spika, akaenda zake.

Tukakaa. Jeanne aliegemea bega langu, kofia kwa kofia, na kwa chini chini akaanza wimbo wa kwaya, ule wa sauti ya tatu ambao peke yake haueleweki. Upande wa pili wa kioo wakapita na masanduku matatu, moja ndani ya jingine, juu ya kigari. Hakuacha kuimba mpaka kigari kilipokata kona.

"Mama Zawadi," akasema mwishowe, "nisaidie kusimama."

"Na mimi nani anisaidie?"